Kutoa transfoma bandari ya Dar mpaka Mbeya kwa barabara: mambo ya kujua kabla hujapakia

Nilikuwa nimeshazoea makontena, mbolea, mabati, mizigo ambayo ukishamaliza karatasi bandarini unapakia, unapita mizani zako, keshokutwa gari iko Tunduma. Ndo nikapewa transfoma. Transfoma ya gridi, siyo hizi za kwenye nguzo mtaani, inashuka bandari ya Dar es Salaam inakwenda kituo cha kupoza umeme nje kidogo ya jiji la Mbeya, kilomita mia nane na kitu kwa barabara ya TANZAM. Naandika haya kwa sababu miradi ya umeme imekuwa mingi, laini kubwa zinajengwa kila upande wa nchi, na kila siku kuna kijana au dada wa ofisi ya usafirishaji anapewa kazi ya namna hii bila mtu wa kumuelekeza, anaishia kujifunzia kwenye hela.

Kila ukisema umebeba transfoma mtu anauliza tani ngapi. Yetu ilikuwa tani tisini na kitu bila mafuta. Lakini tani zinaamua idadi ya eksli na zinaamua madaraja, basi. Kinachoamua kama unapita au hupiti ni kimo na upana, na kimo ndo kinatesa kuliko vyote. Kwa hiyo kabla hujapiga bei yoyote mwombe mwenye mzigo mchoro wa usafirishaji kutoka kiwandani, na usikubali kupewa mchoro wa transfoma ikiwa imeshasimama kituoni, ni vitu viwili tofauti kabisa. Transfoma ya ukubwa ule haisafiri nzima. Mafuta yanatolewa, zile bushingi ndefu za juu, zinazopitisha umeme kuingia na kutoka, zinafunguliwa, radieta zinafunguliwa, linabaki tangi kubwa lenye koili na vyuma ndani, linajazwa hewa kavu au naitrojeni kwa presha ndogo ili unyevu usiingie. Bei ya kwanza iliyotumwa kwa mteja ilikuwa imepigwa kwa mchoro wa kituoni, kimo kikaonekana cha kutisha, njia nzima ikaonekana haipitiki, watu wakaanza kuongelea kuzunguka barabara nyingine. Ulipokuja mchoro wenyewe kimo kikashuka karibu nusu. Wiki zimeshapita hapo mnabishana na mteja kitu ambacho hakipo.

Mchoro huo huo ndo unakuonyesha uzito umeelemea wapi, maana mara nyingi hauko katikati ya tangi kama macho yanavyoona, na unakuonyesha wapi pa kufunga minyororo na wapi pa kuweka jeki. Uwe na nakala yake iliyochapishwa, kubwa, ya karatasi. Bandarini kuna jua na vumbi na watu wanane wanataka kuangalia kwa wakati mmoja, simu haifai.

Kuna watu wataniuliza kwa nini msitumie TAZARA, reli si inapita Makambako mpaka Mbeya. Tuliangalia. Reli ile kati ya Mlimba na Makambako ina mahandaki kibao, na handaki halina ubishi, upana wako ukizidi umezidi. Kwa mzigo mwembamba ni njia nzuri sana, wetu haukutosha kupita.

Sasa sevei ya njia, yaani kuikagua njia yote kabla ya safari. Hapa ndo naomba unisikilize vizuri kuliko sehemu nyingine zote. Tulinunua sevei kwa kampuni moja, ikaja ripoti nzuri ina picha na ramani, imeandikwa njia iko safi mpaka Mbeya. Yule mzee wetu wa hosi ya mbele, yaani kile kichwa cha lori kinachovuta tela, tunamwita Babu, ameendesha njia hii tangu hatujazaliwa, akaisoma kidogo akaniambia, "Mwanangu, huyu kapita hapa na gari dogo tena asubuhi. Hebu twende wenyewe." Tukachukua pikapu, tukafunga bomba la plastiki limesimama wima kwenye kimo cha mzigo ukiwa juu ya tela pamoja na nafasi ya ziada, tukaanza kutembea nalo polepole kutoka getini bandarini.

Waya zilizogusa lile bomba ni nyingi mno. Na nyingi wala siyo za TANESCO, ni nyaya za simu na intaneti zimevutwa kuvuka barabara na watu wa mitaani, kila mmoja kafunga kwenye nguzo anayoiona, nyingine zimelegea mpaka unaweza kuzigusa ukiwa juu ya fuso. Za umeme ukienda TANESCO na orodha yenye picha na jina la eneo wanakupangia mafundi, wanazima au wanainua siku unapita. Hizi nyingine lazima utafute mwenyewe mmoja mmoja, na wengine hawajulikani kabisa. Halafu kuna jambo Babu alinifundisha ambalo sijaliona kwenye ripoti yoyote, kwamba waya upimwe mchana jua likiwa kali. Waya ukipata joto unarefuka, unalegea, unashuka chini. Ukipima saa kumi na mbili asubuhi utaona unapita, ukija na mzigo saa nane mchana waya uko chini kuliko ulivyouacha. Kwa hiyo sevei yetu tulifanya mchana, na sehemu zenye wasiwasi tulirudia tena.

Kwenye sevei hiyo hiyo andika kila sehemu unayoweza kutoka barabarani ukaegesha, kila baada ya kilomita chache. Watu wengi wanaandika vikwazo tu, hawaandiki pa kupumzikia. TANZAM ndo njia ya mizigo ya Zambia, Malawi na Kongo, ukiiziba nusu saa unatengeneza foleni ya kutisha nyuma yako, mabasi, malori, watu wana safari zao. Tukiwa maeneo ya kuelekea Mikumi ambulensi ilitukuta nyuma ya msururu, na kwa sababu tulijua eneo la wazi liko mbele kidogo tu, tulisogea ikapita. Ningekuwa sina ile orodha sijui ningefanya nini, na mpaka leo nikifikiria lile gari naogopa.

Nije kwenye vibali. Sheria tunayotumia ni ile ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, huku kwetu ilianza kutumika Machi 2019. Kwa gari la kawaida mwisho ni tani 56 kwa eksli 7, na upana mita 2.65. Ukizidi hapo unahitaji kibali maalumu cha TANROADS, na sharti kubwa ni kwamba mzigo uwe haugawanyiki. Hili neno la kutogawanyika lishike. Kuna mtu ofisini kwetu alitaka kuokoa safari, akasema zile radieta na lile tangi dogo la juu tuviweke nyuma kwenye tela lile lile maana nafasi ipo. Ukifanya hivyo mzigo wako umeshagawanyika, hoja ya kibali imekufa. Radieta, bushingi, mafuta, vyote vinapanda malori ya kawaida yenye uzito wa kawaida, vinatangulia au vinafuata.

Kuombea kibali utahitaji mchoro wa mzigo, mchoro wa tela na hosi zake, hesabu ya uzito kwa kila eksli, njia utakayopita na orodha ya madaraja. Mainjinia wanaangalia daraja kwa daraja, Ruvu, Ruaha Mkuu na mengine yote mpaka makalvati, wanakwambia hili pita hivi, hili weka mabamba ya chuma. Anza mapema, meli ikiwa bado hata haijapakia huko inakotoka. Ukianza kuomba meli ikiwa nje ya bandari umeshachelewa.

Na hosi ya akiba iandikwe kwenye kibali. Hii ilitugharimu. Kibali kinaandikwa namba za magari, hosi kwa hosi, tela kwa tela. Hosi yetu moja ilileta shida ya klachi wakati wa kujipanga, tukaleta nyingine ya aina ile ile, nguvu ile ile, tukadhani ni kitu kimoja. Tulipofika mzani wa Vigwaza, pale pana mfumo wa kupima gari likiwa linatembea na vitu vyote vinasomwa kwenye kompyuta, yule kijana akashika kibali chetu akazunguka gari lote anaangalia pleti, akarudi akaniambia, "Dada, hii hosi ya nyuma haimo humu." Na alikuwa sahihi, hakuna cha kulaumu. Tukasogezwa pembeni kusubiri kibali kirekebishwe. Huku kila kitu kinakula hela, posho za askari wa eskoti, pikapu za kukodi, chakula cha watu wote, kreni ya kule Mbeya ambayo imeshaanza kuhesabiwa siku iwe inafanya kazi au imelala. Ukiandika hosi ya akiba tangu mwanzo haikugharimu kitu.

Nimeruka bandari, nirudi. Mzigo wa aina hii unashushwa moja kwa moja kutoka melini kukaa kwenye tela, hauwekwi chini kama kuna namna. Ukiuweka chini unalipia kuunyanyua tena, na unaanza kulipia stoo na juu yake VAT asilimia 18. Kwa hiyo tela lazima liwe limeshaingia gatini, limepangwa, limelazwa mpira na mbao juu yake kabla meli haijafungua. Hapo wakala wako wa forodha awe amemaliza kila kitu, BL (hati ya mzigo ya meli), delivari oda (ruhusa ya kuchukua mzigo), na kama mradi una msamaha wa kodi basi barua yake iwe imeshaingizwa kwenye mfumo, isiwe bado inazunguka mezani kwa mtu. Msamaha wa kodi ulituchelewesha kuliko kreni, kuliko meli, kuliko mvua.

Kitu kimoja kinachofanyika chini ya ndoano ya kreni ambacho kitakuokoa. Kila transfoma kubwa inakuja na kifaa kimefungwa kwenye tangi kinachorekodi mitikisiko, kila mara mzigo ukipata mshtuko kinaandika ukubwa wake, upande wake, tarehe na saa. Usisaini kupokea mzigo kabla hicho kifaa hakijasomwa mbele ya mtu wa meli, mtu wa bima na mtu wa mwenye mzigo. Sisi tulisimamia hilo, watu wakatuona wasumbufu, meli inataka kuondoka, foromani anapiga kelele. Kikasomwa, ikaonekana kuna mshtuko mmoja wa maana ulirekodiwa transfoma ikiwa bado baharini. Ikaandikwa, wote wakasaini. Ukisaini bila kusoma, ule mshtuko ni wako, na kwenye mzigo wa thamani ile hakuna kampuni ya usafirishaji ya kawaida itakayobaki imesimama. Angalia na betri ya kifaa pia, meli ikikawia njiani betri inaweza kuisha na kifaa kikawa mfu bila mtu kujua.

Pamoja na kifaa hicho kuna geji ya presha ya ile hewa kavu. Tulikuwa na fundi umeme kijana wa mteja, kila asubuhi kabla ya chai anapanda juu ya tela na daftari lake, anafuta vumbi kwenye kioo cha geji kwa kidole gumba, anaandika presha, anaandika na joto la hewa, jioni anarudia. Jioni tulipofika Mafinga ilisoma vizuri tu. Kesho yake, unajua Mafinga asubuhi ilivyo, ukungu umelala barabarani na baridi inauma masikio, geji ikasoma chini kuliko jana yake. Utingo mmoja akapiga kelele tangi linavuja. Moyo wangu ulidondoka, nikaanza kutafuta namba ya mteja. Yule fundi akanituliza, "Subiri kwanza dada, ngoja jua litoke." Mchana geji ikapanda yenyewe. Hewa ikipoa presha inashuka, ikipata joto inapanda, ndo maana lazima uandike vyote viwili kwa pamoja, ukiandika presha peke yake bila joto lile daftari halina maana yoyote. Kinachotakiwa kukutisha ni presha inayoshuka wakati joto liko pale pale.

Kutoka mjini tulipangiwa usiku, mikoani tukatembea mchana tu. Usiku wa Dar ni mrefu. Mandela yote kutoka Kurasini, unapita chini ya daraja la Mfugale pale Tazara, Buguruni, mpaka Ubungo halafu kushoto kuelekea Kimara. Tela letu lilikuwa la haidroliki, lile la eksli nyingi, linaweza kushuka na kupanda kama sentimita 30 kila upande, na kila eksli inakata kona. Nyuma yake anatembea mtu kwa miguu ana rimoti kifuani, yeye ndo anakata kona za nyuma. Chini ya Mfugale tulisimama kabisa, tukashusha tela, mtu akapanda juu na tochi, tukapita mwendo wa mtu anayetembea. Bodaboda ndo tatizo kubwa la mjini, wanapenya popote, hata kati ya hosi na pikapu ya eskoti. Weka watu wako wenye vizibao vya kung'aa wa kutosha, usitegemee askari peke yao, askari wawili hawawezi kuziba kila upenyo.

Kibaha mpaka Morogoro ni barabara ya foleni ila haina ugumu, ukiacha raundabauti ya Msamvu ambayo tuliipita alfajiri. Madaraja yote kanuni moja, unapita peke yako, katikati ya barabara, pole pole, bila kufunga breki wala kubadilisha gia ukiwa juu. Mikumi ndo upange. Barabara inakata hifadhi kama kilomita 50, na humo huruhusiwi kuegesha hovyo wala kulala, na mnyama ukimgonga kuna faini yake kwa kila aina. Kwa mwendo wetu hiyo ni masaa mengi kuliko unavyofikiri, ukiongeza tairi moja kupasuka mchana umekwisha. Tuliingia getini asubuhi na mapema kwa makusudi hayo.

Na tairi zikapasuka kweli. Tela za eksli nyingi zinatumia tairi ndogo, za rimu inchi 17.5, usitegemee kuzikuta kwenye maduka ya tairi Mikumi au Mafinga, ukiuliza wanakuletea za fuso. Beba zako, zikiwa zimeshafungwa kwenye rimu, nyingi kuliko unavyoona aibu kuomba. Beba na paipu za haidroliki na mafuta yake. Paipu moja ikipasuka Iyovi, na ile milima ya Iyovi ina kona za kubana, umefunga njia ya nchi nne kwa ajili ya kipande cha mpira.

Kitonga naiongelea kwa urefu kidogo kwa sababu ndo kila mtu anaiogopa, na mimi niliiogopa kuliko wote. Tulifika Ruaha Mbuyuni, pale penye vitunguu, mvua ikaanza. Mteja anapiga simu, bosi anapiga simu, kila mmoja anauliza mnasubiri nini. Babu akakataa. Hakupaza sauti, alisema tu kwamba lami ikiwa imelowa yeye hapandi, na kama kuna mtu anataka kupanda achukue funguo. Tukalala pale zaidi ya tulivyopanga, na mimi ndo niliyekuwa napokea zile simu, nilitukanwa siku ile mpaka nikaenda kukaa peke yangu nyuma ya gari nikalia. Ila sikumshinikiza yule mzee. Dereva anayepanda ndo mwenye neno la mwisho kuhusu mlima, na hilo liandike kwenye mkataba na mteja kabla ya safari, kwamba hali ya hewa ikisimamisha gari siku hizo zinalipwaje, ili usije ukajikuta unabembeleza mtu ahatarishe watu kwa sababu ya hela za kusubiri.

Siku ya kupanda tulianza alfajiri, lami imeshakauka. Sababu ya alfajiri ni mabasi yanayoondoka asubuhi, yale ya kutoka Dar yanafika pale mchana na yanayoshuka kutoka Mbeya nayo yanakuja baadaye asubuhi, kwa hiyo kuna upenyo. Askari wakasimamisha magari chini na juu, mlima ukawa wetu. Hosi moja mbele inavuta, moja nyuma inasukuma, zote zimebebeshwa mawe ya zege mgongoni ili tairi zishike barabara. Madereva wanaongea kwa redio muda wote, gia ile ile, wanaondoka kwa pamoja, maana wa nyuma akisukuma kabla wa mbele hajavuta anaweza kulikunja tela kwenye kona. Na nyuma ya tairi wanatembea mautingo na kabari za mbao, vipande vizito vya mti mgumu vimefungwa kamba. Gari linapanda hatua, utingo anaburuta kabari nyuma ya tairi, hatua, anaburuta. Upande mmoja ukuta wa mlima na upande mwingine bonde, huoni mwisho wake. Mikono ya yule utingo aliyekuwa karibu yangu ilikuwa inatoka damu kwa ile kamba na hakusema kitu mpaka tulipofika juu. Nunua glavu za ngozi nzuri kwa kila mtu. Ni hela ndogo mno kwenye bajeti ya namna ile, nashangaa watu wanazisahau.

Tulipotokea juu kuelekea Ilula hakuna aliyeshangilia, watu walikaa tu chini pembeni ya barabara. Foleni iliyotusubiri ilikuwa ndefu, na kuna dereva wa lori la Zambia alipita akateremsha kioo akatupungia, wengine walitukana. Ni haki yao.

Baada ya hapo Iringa, Mafinga, Makambako, Igawa, Uyole ni uvumilivu tu, askari wanabadilishana kwenye mipaka ya mikoa, na hapo kuwa na namba za simu za mkoa unaofuata siku moja kabla, siyo ukishafika mpakani, sisi tulisimama mara moja kwenye mpaka tukisubiri gari la eskoti lililokuwa halijaambiwa.

Kilometa za mwisho kutoka lami kwenda kituoni ndo zilitaka kutuangusha. Barabara ya vumbi, imechongwa juzi na mkandarasi wa kituo, inaonekana nzuri kabisa kwa macho. Katikati yake kuna kalvati la mabomba limefukiwa juu juu. Mainjinia wa barabara kuu walikuwa wamekagua madaraja yao yote, hili lilikuwa la mkandarasi, hakuna aliyelihesabu. Babu alishuka akaliangalia, akapiga kisigino chini, udongo ukazama. Tukaleta mabamba ya chuma na kifusi, tukapita kesho yake. Kwa hiyo sevei yako isiishie kwenye lami, iishie kwenye msingi wa zege transfoma itakapokaa, na uulize kabisa geti la kituo lina upana gani, na kona ya kuingilia inakatwa vipi na tela refu kama lile.

Kwenye msingi hatukutumia kreni kama bajeti ya kwanza ilivyosema. Kreni ya kunyanyua tani hizo kuifikisha Mbeya ni safari nyingine kabisa yenye vibali vyake. Jeki nne za haidroliki, reli za chuma, mbao ngumu, tangi linanyanyuliwa sentimita chache chache huku mbao zinapangwa chini yake, halafu linasukumwa taratibu kwenye reli mpaka linapotakiwa kukaa. Ni kazi ya siku nzima na ya watu wachache wanaojua, na wote wengine wakae mbali, hata wakubwa waliokuja kupiga picha. Ile kreni iliyokuwa inahesabiwa siku ilikuwa ya kushushia radieta na bushingi, na kwa kazi hiyo ndogo tu ilikula hela nyingi kwa sababu iliitwa mapema mno. Iite mzigo ukiwa umeshapita Makambako.

Likishakaa, kile kifaa cha mitikisiko kinasomwa tena mbele ya wote, daftari la presha linakabidhiwa, mnasaini. Mafundi wa mteja wanafanya vipimo vyao vya ndani, lakini upande wako wewe msafirishaji umeishia kwenye hizo saini mbili, ya bandarini na ya kituoni, zitunze kuliko hundi.

Halafu usije ukasahau kurudi. Tela lile likiwa tupu lina upana wa mita 3, sheria inasema 2.65, kwa hiyo hata likiwa halina kitu juu yake linahitaji kibali, hata ukilifungua vipande ukavipandisha juu ya lobedi, lile tela la chini chini, bado upana ni ule ule. Tulikaa Mbeya tumemaliza kazi, watu wamechoka wanataka nyumbani, tukisubiri karatasi ya kurudisha tela tupu. Omba kibali cha kwenda na cha kurudi kwa pamoja, siku moja, na hosi ya akiba iwemo kwenye vyote viwili.